Mkate Uliovuka Rusumo

Binti yangu, ambaye anafanya kazi Muscat, alipokuja likizo aliniletea mashine ya mkate. Ni chombo cha ukubwa wa debe, chenye ndoo ndogo ndani na bawa la chuma chini yake. Unatia maji, chumvi, sukari, mafuta, unga wa ngano na hamira, unabonyeza kitufe, unakwenda zako. Baada ya saa moja na nusu unga umekwisha kukandwa na kuumuka. Alitaka nijifunze kupika ile mikate ya mviringo yenye mfuko ndani, wanayoila Waarabu, ambayo Wazungu huiita pita. Alisema mzee anayeishi peke yake hana haja ya kununua mkate uliolala dukani siku tatu. Nilicheka, kisha nikanyamaza, maana katika nyumba hii unga wa ngano una historia yake.

Sisi wa Ngara na Biharamulo si watu wa mkate. Chakula chetu ni ugali wa mtama na wa muhogo, maharage na ndizi. Ngano ilikuja na watawala. Wajerumani walijenga boma Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji, wakakaa mpaka Waingereza walipokabidhiwa eneo hili mwaka 1921. Bugufi, sehemu ya Ngara iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikaangukia kwa Waingereza, na ndugu zao wa ng'ambo wakabaki kwa Wabelgiji. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana hadi leo, lakini matumbo yalitenganishwa: huko mijini walizoea mkate wa Kibelgiji, sisi tukabaki na chai ya Mwingereza bila kitafunio chake. Ukiyachungua maneno yetu utaona ngano ilipitia mikono ya nani. Hamira na tanuri ni maneno ya Kiarabu, chapati ni ya Kihindi. Wenzetu wa pwani walikuwa na mkate wa mofa, wa mtama, uliookwa tanurini. Sisi wa bara habari hizo tulizisoma vitabuni.

Mimi mkate niliuzoea chuo cha ualimu, miaka ya 1970, vipande viwili na chai siku ya Jumapili. Nilipoanza kazi nikausahau tena. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 maduka yalikuwa matupu. Nchi ilikuwa na mashamba makubwa ya ngano Hanang, yaliyofunguliwa kwa msaada wa Kanada, lakini kutoka Hanang hadi Ngara ni mbali, na unga ulikwisha njiani. Nakumbuka kupanga foleni nikiwa na kibali cha kilo mbili kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu, nikarudi na kibali changu mfukoni. Mwaka 1983 walisakwa wahujumu uchumi, mwaka 1984 watu wakaruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, na taratibu unga ukaonekana.

Halafu ikaja Aprili 1994. Kuanzia tarehe 28, katika muda wa saa 24 hivi, watu kiasi cha 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Chini ya daraja mto Kagera ulikuwa ukipitisha maiti. Benaco, palipokuwa pori, pakawa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa wetu. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Miti ikaisha, kilima kwa kilima. Usiku mmoja madawati yetu kumi na manane yaliibwa, bila shaka yakawa kuni. Aliyeyachukua hatukumjua. Katika mkutano wa kijiji nilisimama nikasema wageni hawa warudi kwao, na upesi. Watu walinipigia makofi.

Jioni ile marehemu mke wangu aliweka mkate mezani. Ulikuwa mzito kidogo, wenye gamba la kahawia na harufu ya moshi. Nilikula vipande vitatu ndipo akasema, "Mwalimu, huu umekandwa na mmoja wa wale uliowasema leo."

Alikuwa mama mmoja wa makamo aliyechonga tanuri ndani ya kichuguu, pembeni mwa kambi. Mgao wa wakimbizi ulikuwa mahindi, maharage na mafuta. Yeye aliuza sehemu ya mgao wake, akanunua unga wa ngano kwa wachuuzi, akaoka, akauza. Mke wangu alikuwa akienda kwake miezi kadhaa bila kuniambia. Walizungumza kila mmoja kwa lugha yake, wakaelewana. Hamira ya dukani hakuwa nayo. Kila siku alibakiza donge la unga wa jana, nalo likawa chachu ya kesho. Kipimo chake cha kujua kama unga umekandika kilikuwa ndewe ya sikio: ukiubana nao uwe laini vile vile. Sikumuuliza aliona nini kwao, wala alitenda nini. Kati ya watu wale walikuwamo waliokimbia mauaji na waliokuwa wameua, na kwa macho hukuweza kuwatenganisha.

Mwanzoni mwa Desemba 1996 Serikali ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwezi. Wengi walijaribu kukimbilia ndani zaidi ya nchi, wakarudishwa na askari. Niliwaona barabarani, safu isiyo na mwisho, wakielekea Rusumo kwenye mvua. Niliyoyaomba mkutanoni yalikuwa yametimia. Siku moja kabla, yule mama alikuwa amempa mke wangu bakuli lenye donge la chachu, limefunikwa kwa jani la mgomba. Mke wangu aliilisha chachu ile unga na maji miaka kumi na minne. Alipougua hakuna aliyeikumbuka, na baada ya mazishi nilikuta bakuli limekauka.

Sasa niirudie mashine. Nilidhani ni kitu kisicho na mikono, kumbe sivyo. Mwaka 1985 kampuni ya Matsushita ya Osaka, Japani, ilikuwa ikihangaika kuunda mashine ya namna hii, nayo ikakanda vibaya: mkate ukaungua nje, ndani mbichi. Mtaalamu wao mmoja, Ikuko Tanaka, alikwenda kujifunza kwa mwokaji mkuu wa hoteli moja ya mji huo iliyosifika kwa mkate. Aligundua kwamba yule mwokaji, akikanda, huuvuta unga kwa namna ya pekee, jambo ambalo halikuandikwa popote. Ndipo wahandisi wakabadilisha mashine yao. Nimefundisha walimu wanafunzi mazoezi ya darasani kwa miaka mingi, na sikupata mfano bora wa somo lisiloingia kwenye andalio.

Nilipofungua kifuniko niliubana unga, kisha nikashika sikio langu. Ulikuwa mgumu kidogo. Nikaongeza maji vijiko viwili, nikaikandisha tena dakika tano. Nikakata madonge manane, nikayapumzisha, nikayasukuma kwa unene wa nusu sentimita, nikapasha chuma cha chapati mpaka kikaanza kutoa moshi. Siri ya mfuko ni moto mkali: maji yaliyomo ndani ya unga hugeuka mvuke ghafla na kuyatenga matabaka mawili. Chuma kikiwa vuguvugu unapata chapati ngumu. Minne ya kwanza ilikuwa chapati ngumu. Wa tano ulifura kama shavu la mpiga tarumbeta.

Rusumo sasa pana mitambo ya umeme, megawati 80 zinazogawanywa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Mjukuu wangu, aliyekuwa akila nami, alitaka kujua habari ya sikio, nikamsimulia. Akauliza yule mama aliitwa nani. Bibi yake alilijua jina lake. Mimi sikuwahi kuliuliza.