Ekegusii kati ya Jamaa na Jirani

Katika soko la Sondu, si mbali na mpaka wa Nyamira, muuza ndizi Mgusii huhesabu isano, isano na rimo, isano na ibere. Mnunuzi Mjaluo huhesabu abich, auchiel, abiriyo. Anayezijua lugha zote mbili hung'amua upesi kwamba mtindo ni mmoja: sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili, maana ndani ya auchiel mmejificha achiel (moja), na ndani ya abiriyo mna ariyo (mbili). Mswahili akipita hapo na sita na saba zake zenye asili ya Kiarabu, yeye ndiye mgeni. Lakini Ekegusii ni lugha ya Kibantu, ya ukoo wa Kiswahili, na Dholuo ni ya Kinailoti. Mbona basi Mgusii anahesabu kama jirani kuliko jamaa?

Wepesi wa kujibu watasema jirani kamwambukiza jirani. Siafiki. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, ambao hawapakani na Abagusii, huita sita abicel na tisa abungwen, yaani tano na nne. Wajaluo basi walishuka na hesabu yao kutoka kaskazini, hawakuiokota Gusii. Lugha za Kibantu nazo hushikamana kuanzia moja hadi tano, kisha hutawanyika, kila moja ikajitafutia sita na saba yake. Na mkono wenye vidole vitano uko karibu na kila mtu, hivyo kila upande ungeweza kuufikia mtindo huu peke yake. Cha kufurahisha, tisa ya Ekegusii, kianda, inarudi kwa jamaa: ni ndugu ya kenda, waliyoitumia Waswahili kabla tisa haijatawala.

Mfano wa pili una mtego zaidi. Ekegusii ina mchezo wa kugeuza sauti ghuna na sighuna. Kwenda ni kogenda, lakini kusema ni goteba na kusoma ni gosoma: kiambishi ko- hugeuka go- kinapotangulia konsonanti sighuna. Jina la lugha yenyewe lina eke-, ilhali kitabu ni egetabo. Wanaisimu huiita sheria ya Dahl, na Wakikuyu wanayo pia. Vuka mpaka uingie Homa Bay, utakuta Dholuo nayo inageuza: mlima ni got, milima ni gode, jiwe ni kidi, mawe ni kite. Ghuna huwa sighuna, sighuna huwa ghuna. Mwanafunzi mwenye haraka ataandika kwamba lugha hizi zinafanana. Hazifanani. Katika Ekegusii mgeuko huo hauna maana yoyote, ni masikio tu yanayokataa konsonanti mbili sighuna kufuatana. Katika Dholuo mgeuko hushirikiana na kiishio kuonyesha wingi, kazi ambayo Mgusii huifanya mwanzoni mwa neno, kwa ngeli: omonto na abanto, omote na emete. Hapo Mswahili hahitaji mkalimani, ingawa omonto omonene ni mtu mkubwa na mtu mnene wetu ni habari nyingine.

Ndiyo maana nina mashaka na ulinganishi wa orodha za maneno. Mungu kwa Ekegusii ni Nyasae, kwa Dholuo ni Nyasaye, na Waluhya nao wanalo jina hilo. Kufanana peke yake hakumwambii mtu nani alimkopesha nani. Jina la zamani la Mungu kwa Abagusii ni Engoro. Hata majina ya watu hupotosha. Nairobi mtu akisikia Onsongo au Omwenga huweza kumdhania mwenye jina kuwa Mjaluo, kwa sababu ya O. Lakini O ya Otieno ni ya mwanamume, na dada yake ni Atieno. Mwanamke Mgusii hapati jina kwa kubadili O kuwa A, huitwa Kemunto au Moraa.

Kwingineko duniani hali ni hiyo hiyo. Kitagalogi cha Ufilipino kilikopa kutoka Kichina cha Hokkien tambi (pansit), na hata majina ya nyumbani: kuya kwa kaka, ate kwa dada. Kikabaki na viambishi kati vyake, sulat ikawa sumulat, jambo ambalo Kichina hakina; nacho hakikuchukua toni za Kichina. Maneno husafiri, mitambo ya lugha hukaa nyumbani.

Toni ndizo zinazonirudisha Kisii. Ekegusii ni lugha ya toni, kama Dholuo. Kiswahili si lugha ya toni. Ekegusii ina irabu saba. Dholuo ina tisa. Kiswahili kina tano. Lakini zote tatu huandikwa kwa herufi tano zile zile, a, e, i, o, u, bila alama ya toni. Wamisionari Waadventista walianza Gendia, kwa Wajaluo, mwaka 1906 wakafika Nyanchwa, kwa Abagusii, mwaka 1912, na Wakatoliki walikuwa Nyabururu, huko huko Gusii, tangu 1911. Maandishi tuliyorithi yanatokana na kazi ya makanisa. Na si sauti tu: mwanaisimu Whiteley alipochapisha uchunguzi wake wa nyakati za vitenzi vya Ekegusii mwaka 1960, wingi wa njeo alizozipanga ulitosha kuonyesha kwamba kioo cha Kiswahili ni kidogo kwa sura hii.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, umetenga somo la lugha za kiasili kuanzia gredi ya 1 hadi ya 3. Mtoto wa mashambani Nyamaiya aliyelelewa na nyanya yake atasoma herufi o na kuitamka inavyopasa, kwa kuwa neno analijua tayari. Mwenzake wa mjini Kisii, aliyekua na Kiswahili na Sheng, ataisoma kama o ya Kiswahili, na kitabu hakina cha kumsahihisha.