Kuridhika kwa Mteja: Kuridhika na Nini?

Taarifa za mwaka za taasisi za umma zinazotoa mafunzo ya ufundi na kuwaunganisha watu na waajiri siku hizi hazikosi jedwali la kuridhika kwa mteja. Asilimia kadhaa wameridhika sana, asilimia kadhaa wameridhika, na waliobaki wamebanwa katika safu ya mwisho. Istilahi yenyewe imetafsiriwa vizuri, ila imeachwa nusu. Kitenzi ridhika hudai neno “na” baada yake: mtu huridhika na kitu fulani. Ukiandika kuridhika kwa mteja ukaishia hapo, msomaji atajaza pengo mwenyewe, naye kwa kawaida hujaza kikubwa kuliko kilichopimwa. Atadhani mteja ameridhika na mafunzo, kisha atadhani mafunzo yamemfaa, kisha atadhani fedha zimetumika vyema. Kumbe mara nyingi kilichopimwa ni jinsi mtu alivyopokelewa na kuhudumiwa. Nashauri istilahi iandikwe kwa ukamilifu wake, kuridhika kwa mteja na huduma, na isitumiwe kuthibitisha jambo lolote nje ya hilo.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani, kwa kuwa huko kipimo hiki kiliwahi kuwekwa ndani ya sheria. Mnamo 1989 mtaalamu wa masoko Claes Fornell alisaidia kuanzisha nchini Sweden kipimo cha kitaifa cha kuridhika kwa wateja, na mwaka 1994 kazi hiyo ikazaa Fahirisi ya Kuridhika kwa Mteja ya Marekani, iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan. Ilikusudiwa kulinganisha makampuni yanayouza bidhaa na huduma sokoni. Lakini serikali ya Rais Clinton ilikuwa tayari imeagiza, Septemba 1993, kwamba idara za serikali kuu ziwatambue wateja wao na kuwauliza wanaionaje huduma. Sheria ya Uwekezaji katika Nguvukazi ilipopitishwa mwaka 1998, ikichukua nafasi ya Sheria ya Ushirikiano wa Mafunzo ya Kazi ya 1982, mikondo hiyo miwili ilikutana. Kila jimbo lilitakiwa kutoa hesabu kwa vipimo 17. Vipimo 15 vilihusu matokeo: nani amepata kazi, nani ameendelea kuwa nayo, mshahara umebadilika vipi, nani amepata cheti. Viwili vilivyosalia vilihusu kuridhika, kimoja cha watu waliohudumiwa na kingine cha waajiri.

Inafaa kuangalia jinsi vipimo hivyo viwili vilivyopatikana, maana hapo ndipo maana halisi ya istilahi ilipo. Mtu alipigiwa simu baada ya kumaliza huduma akaulizwa maswali matatu tu, kila moja kwa ngazi ya 1 hadi 10. La kwanza lilitaka aseme kwa jumla ameridhika kiasi gani na huduma. La pili lilitaka alinganishe huduma aliyopata na alivyotarajia. La tatu lilimtaka afikirie huduma bora kabisa kwa mtu aliye katika hali yake, aseme ile aliyoipata iliikaribia kiasi gani. Majibu matatu yaliunganishwa kwa uzani maalumu yakawa alama moja kati ya 0 na 100. Katika hesabu hiyo jibu la 1 lilihesabiwa sifuri, kwa hiyo mtu aliyejibu 7 mara tatu hakuingia kwa 70 bali kwa takriban 67. Kila jimbo lilipaswa kukamilisha mahojiano ya watu 500 waliohudumiwa na waajiri 500 kwa mwaka, na angalau nusu ya waliotafutwa wawe wamejibu.

Tazama sasa kitu ambacho hakikuulizwa. Hakuna hata swali moja kati ya hayo matatu linalotaja kazi, ujuzi wala kipato. Swali la pili linategemea kabisa matarajio: anayekwenda kwenye ofisi ya umma akitarajia kuzungushwa, kisha akapokelewa kwa adabu na kukalishwa kwenye kiti, ana sababu ya kutoa 9 hata kama kozi ya wiki sita aliyopangiwa haina soko. Anayekwenda na matarajio makubwa kwa sababu alikuwa fundi mzoefu aliyeachishwa kazi kiwandani atatoa 5 kwa huduma ileile. Sisemi maswali hayo ni mabaya. Yanauliza huduma, na yanapata jibu la huduma. Kosa hutokea baadaye, pale alama ya 75 inapohamishiwa kwenye sentensi isemayo kwamba mpango umefanikiwa.

Ushahidi kwamba mambo haya mawili yanaweza kutengana kabisa haukukosekana. Chini ya sheria ya 1982 ulifanyika utafiti mkubwa kwa njia ya bahati nasibu: waombaji wapatao 20,000 katika maeneo 16 waligawanywa, wengine wakaruhusiwa kuingia kwenye mpango, wengine wakazuiwa kwa muda, kisha kipato cha makundi yote mawili kikafuatiliwa. Kwa watu wazima, wanawake kwa wanaume, kipato kiliongezeka kwa kiasi. Kwa vijana waliokuwa nje ya shule ongezeko halikuonekana. Wachumi Jeffrey Smith, Alexander Whalley na Nathaniel Wilcox walizirudia takwimu hizo kwa swali ambalo kila mwenye kuandika taarifa ya kuridhika angepaswa kulijua: je, washiriki waliosema mpango umewasaidia ndio hasa uliowasaidia? Uhusiano walioupata ulikuwa hafifu mno. Kauli za washiriki zilifuatana zaidi na aina ya huduma waliyopewa na hali yao ya kazi wakati wa kuulizwa. Aliyekuwa na kazi alielekea kusema mpango umemsaidia, na asiye na kazi alielekea kusema haukumsaidia, ilhali wa kwanza huenda angeipata kazi hiyo hata bila mpango, na wa pili huenda angekuwa katika hali mbaya zaidi bila huo mpango.

Si kwamba watu hao walidanganya au hawakuelewa. Kujua mafunzo yamekufaa kiasi gani kunadai ujue maisha yako yangekuwaje bila mafunzo hayo, na maisha hayo hakuna aliyeyaishi. Ndiyo sababu watafiti walihitaji kundi la kulinganisha. Kumwuliza mtu mmoja mmoja jambo ambalo haliwezi kuonekana kwa macho ya mtu mmoja, kisha kulichapisha jibu lake kama ushahidi, ni kumbebesha mzigo usio wake. Anachokijua kwa hakika, wala hakuna mwingine anayekijua kuliko yeye, ni kama alieleweshwa haki zake, kama alisubiri saa nyingi, kama mshauri alimsikiliza au alimpangia kozi yoyote iliyokuwa na nafasi. Hayo ni mambo mazito. Yanastahili kipimo chake chenyewe na jina lake lenyewe.

Kwa Kiswahili kuna ugumu wa ziada. Neno ridhika lina uzito wa kimaadili kuliko linavyoonekana katika jedwali. Kuridhika ni sifa njema ya mtu. Asiyeridhika huonekana mwenye tamaa au asiye na shukrani, na mwenye kidogo husema si haba. Kwa hiyo karani anapomwuliza kijana aliyepata mafunzo ya bure, tena ndani ya jengo lilelile alikofundishwa, kama ameridhika, amemwuliza maswali mawili kwa mpigo: huduma ilikuwaje, na wewe ni mtu wa namna gani. Wengi watalijibu la pili. Ndiyo maana naona istilahi ikae kwenye kichwa cha jedwali, isiingie ndani ya dodoso. Dodoso liulize vitu vinavyoshikika: siku ngapi zilipita tangu ulipojiandikisha hadi ulipoitwa, uliambiwa kuhusu kozi zaidi ya moja, mashine uliyofundishiwa ilikuwa inafanya kazi, kuna mtu alikutafuta baada ya kumaliza. Majibu ya namna hii yakijumlishwa ndiyo yaitwe kiwango cha kuridhika na huduma.

Wapo wanaoandika ridhaa ya mteja. Hilo lisifuatwe. Ridhaa ni kukubali, kama mgonjwa anavyotoa ridhaa kabla ya upasuaji, na katika tafiti neno hilo tayari lina kazi: mhojiwa hutoa ridhaa ya kuhojiwa. Wengine wanapendelea kutosheka, na hoja yao ina nguvu, kwa sababu kutosheka hupima kama haja imetimia, si kama moyo umetulia. Lakini haja ya mtafuta kazi ni kazi, na tukisema ametosheka tutakuwa tumerudi kulekule kwa kudai matokeo ambayo dodoso halikuyapima. Kuridhika kunafaa zaidi, mradi na yake isikatwe.

Mjadala mkali zaidi uko kwenye neno mteja. Mwananchi, husemwa, si mteja wa serikali yake. Ni mwenye haki, na tena ndiye aliyelipa. Pingamizi hili si la kupuuzwa. Albert Hirschman, katika kitabu chake cha 1970 kuhusu kuondoka, kupaza sauti na uaminifu, alionyesha kwamba shirika linaloshuka ubora hupata habari kwa njia mbili: watu wanaondoka, au wanalalamika. Mteja wa sokoni akiona nyanya zimeoza huhamia genge la pili. Mtafuta kazi mwenye ofisi moja ya umma mjini kwake hana genge la pili, kwa hiyo hata asipoondoka huwezi kusema ameridhika. Hata hivyo tuangalie maneno mengine tuliyonayo. Mnufaika, tulilolizoea katika mikopo ya elimu ya juu Tanzania, linatangaza manufaa kabla hayajapimwa. Mlengwa, linalotumika katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii Tanzania (TASAF), linamwelezea mtu kwa jicho la anayelenga. Mhitimu linawaacha nje walioacha mafunzo katikati, na hao ndio wenye habari tunazozihitaji kuliko wote. Mteja halidai manufaa wala halimtoi yeyote, na Mkataba wa Huduma kwa Mteja umekwisha kulizoesha katika ofisi za umma za Tanzania. Naliunga mkono kwa sababu hizo, huku nikikubali kwamba halimpi mtu haki ya kuondoka ambayo hana.

Pingamizi lingine linatoka kwa wasimamizi. Wao husema matokeo ya ajira huchelewa. Marekani yenyewe, chini ya sheria mpya ya 2014, huangalia kama mtu yuko kazini katika robo ya pili na ya nne ya mwaka baada ya kutoka kwenye mpango, ambapo kasoro ya mafunzo imekwisha kuwaumiza watu wengi. Kuridhika hupimwa mara moja, kwa gharama nafuu, na huonya mapema. Nakubali kila neno hapo, na naongeza kwamba vipimo vya matokeo peke yake vina hatari yake. Ofisi inayopimwa kwa idadi ya walioajiriwa hushawishika kuwachukua wale ambao wangeajiriwa hata hivyo na kuwaacha wenye ulemavu, wasio na cheti, au waliokaa muda mrefu bila kazi. Kumwuliza mtu alivyohudumiwa ni mojawapo ya njia chache za kuwasikia walioachwa, ikiwa dodoso litawafikia. Lakini onyo la mapema lina thamani kwa meneja wa kituo anayeweza kubadilisha ratiba au mwalimu wiki ijayo. Likipandishwa hadi mezani kwa Bunge kama ushahidi wa ufanisi wa bajeti, linabadilika kuwa kitu kingine, na hapo kila ofisi itaanza kutafuta namna ya kupandisha alama. Kenya, ambako mikataba ya utendaji imekuwapo tangu 2004 na kuridhika kwa wateja kukawa miongoni mwa vigezo vyake, ina sababu ya kulitazama jambo hili kwa makini, kwa kuwa alama inayopangia taasisi daraja haiwezi kubaki chombo cha kujisikiliza tu.

Sheria ya 2014 ya Marekani iliviondoa vipimo viwili vya kuridhika kutoka kwenye vigezo vikuu. Ikaweka vigezo sita, vyote vya ajira, kipato, sifa za kitaaluma, maendeleo ya ujuzi na ufanisi katika kuwahudumia waajiri. Hicho cha mwisho, baada ya miaka ya majaribio, kimewekwa kwenye kanuni mwaka 2024 kama asilimia ya watu wanaobaki kwa mwajiri yuleyule kati ya robo ya pili na ya nne. Naona walienda mbali mno. Mwajiri anaweza kuwa na wafanyakazi wasioondoka kwa sababu hawana pengine pa kwenda, na kipimo hicho hakitalijua hilo.

Kwa mwajiri vilevile istilahi inahitaji kutenganishwa. Tanzania humtoza mwajiri tozo ya kuendeleza ufundi stadi, na Kenya humtoza shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani, kwa hiyo ana haki ya kuulizwa. Lakini anachokitaka si lazima kiwe anachokitaka mtafuta kazi: mmoja anatafuta fundi wa mshahara mdogo, mwingine mshahara unaolingana na ufundi wake. Ofisi ikiwaridhisha wote kwa 80 huenda imefanya kazi nzuri, au huenda imewapeleka mafundi kwenye kazi za vibarua na wao hawakujua thamani yao. Wastani wa makundi haya mawili hauna maana yoyote. Katika kamusi ya istilahi ningeweka vidahizo viwili, kuridhika kwa mtafuta kazi na huduma, na kuridhika kwa mwajiri na huduma, na katika jedwali safu mbili zisizo na jumla chini yake.