Umri wa Majivu, Umri wa Dhahabu

Kariandusi, kati ya Gilgil na Elementaita, mwanaakiolojia Louis Leakey alikuta mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920, mengine ya lava, mengine ya kioo cha volkeno. Leo husemwa umri wa mashoka hayo ni takriban miaka milioni 1. Lakini shoka lenyewe halikupimwa. Yalipimwa majivu ya volkeno yaliyo jirani nalo.

Lava ikiwa bado ya moto huiachia gesi ya agoni itoroke. Ikishapoa, potasiamu-40 iliyomo huzaa agoni mpya na mwamba huifungia ndani. Nusu ya potasiamu hiyo huisha kwa miaka bilioni 1.25, mwendo usiojali joto wala mvua. Anayepima agoni basi anajua mlima ulitapika lini, hajui kingine. Shoka lililo chini ya tabaka ni kongwe kuliko tabaka, lililo juu yake ni changa. Kwa hesabu hiyo Olduvai, Tanzania, ilipewa miaka milioni 1.75 mwaka 1961, zaidi ya maradufu ya makisio ya awali ya Leakey mwenyewe.

Miamba ya Nakuru, iliko Kariandusi, ni michanga. Ukivuka milima ya Mau kwenda Lolgorien, Migori na Kakamega, kisha Geita ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, unakanyaga miamba ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na humo ndimo dhahabu ilimo. Dhahabu ni shahidi mgumu: haibebi potasiamu wala urani ya kutosha kupimika. Wanajiolojia wa Geita waligeukia punje za zirkoni, ambazo zinapoumbika hupokea urani na kuikataa risasi, hivyo risasi yote ya baadaye ni zao la urani. Punje za mwamba uliopenya humo kabla ya dhahabu zilitoa miaka bilioni 2.64. Dhahabu ilifuata; ilifuata baada ya muda gani, zirkoni hiyo haisemi.

Witwatersrand, Afrika Kusini, njia ilikuwa tofauti. Mwaka 2002 Jason Kirk na wenzake walipima renia na osmi ndani ya punje za dhahabu yenyewe, wakapata miaka bilioni 3.03, kongwe kuliko matabaka ya kokoto yanayoizunguka. Geita dhahabu ni mgeni aliyeingia nyumba iliyokwisha jengwa. Witwatersrand, kwa kipimo hicho, mito iliikokota kutoka kwingine. Wapo bado wanaoshikilia kwamba maji moto ya ardhini ndiyo yaliyoileta, na hoja zao si za kupuuzwa.

Mzee wa jamii ya Watugen naye, kama mwanajiolojia, huweka tukio kati ya mipaka: lilitokea rika la Sawe wakiwa vijana, kabla ya zamu ya Korongoro. Ibinda, yaani rika kwa Kitugen, hutoa mfuatano kama matabaka ya Kariandusi, tena pamoja na watu waliokuwepo. Ila majina huzunguka, na baada ya karne moja hivi Sawe hurudi, hivyo msikilizaji sharti ajue ni Sawe wa babu yupi. Agoni hairudii jina. Inafika volkeno ya Menengai ilipoporomoka makumi ya maelfu ya miaka iliyopita, mbali kuliko kumbukumbu ya rika lolote. Lakini ukiiuliza mwaka wa ukame wa babu, kosa lake la kipimo pekee litameza marika yote ya mzunguko.