Maikrofoni na dola: nani alikuwa na ufunguo?

1/ Kampeni zikianza, ahadi mbili hazikosi: vijana watapata kazi, na pesa zilizofichwa ng'ambo zitarudishwa nyumbani. Watu wanapiga makofi, hakuna anayeuliza "kwa sheria gani?" Leo wacha tuangalie historia ya kazi ya redio na ya haki ya mwananchi kuweka akiba nje. Utadhani hazihusiani. Zinahusiana sana. Twende pole pole 👇🏾

2/ Tuanze na redio. Kuanzia 1964, ukitaka kuwa mtangazaji Kenya, mwajiri alikuwa mmoja: serikali. Sauti ya Kenya ilikuwa chini ya wizara, na mtangazaji alikuwa mfanyakazi wa serikali. Mwaka 1989 ikageuzwa kuwa shirika, KBC, lakini mwenye nyumba akabaki yule yule. Ukikosana na mkubwa, huna pa kwenda. Stesheni ya pili haikuwepo.

3/ Ndiyo maana 1 Agosti 1982 wanajeshi waliojaribu kupindua serikali walikimbilia studio. Leonard Mambo Mbotela, sauti iliyojulikana nchi nzima, alichukuliwa nyumbani akalazimishwa kusoma tangazo lao. Ukishika maikrofoni moja, umeshika nchi. Hiyo ndiyo hatari ya mlango mmoja.

4/ Sasa pesa. Tulikuwa na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, urithi wa ukoloni. Mwananchi wa kawaida hakushika dola jinsi anavyotaka. Una mtoto anasoma ng'ambo? Jaza fomu, omba ruhusa, subiri uambiwe unaruhusiwa kutuma kiasi gani. Kuweka akiba yako kwa benki ya nje bila kibali lilikuwa kosa la jinai.

5/ Tusiwe na haraka ya kucheka. Hoja yao ilikuwa hivi: dola ni chache, zinahitajika kununua mafuta, dawa na mashine, na kila mtu akitoa akiba yake shilingi itaanguka. Si hoja ya kijinga. Hata Uingereza yenyewe iliondoa udhibiti kama huo mwaka 1979 tu.

6/ Lakini sheria hupimwa kwa nani inamshika. Mwanzoni mwa miaka ya 90, kampuni ya Goldenberg ililipwa mabilioni ya pesa za umma kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi. Fidia yenyewe ilifika asilimia 35 ya dola zilizodaiwa kuingia. Almasi za kuchimba Kenya ziko wapi jameni? Mwalimu na karani wamefungiwa mlango, wenye kujuana wanapita dirishani.

7/ Bei ililipwa na nani? Mwishoni mwa 1992, dola moja ilikuwa karibu shilingi 36. Mwaka mmoja baadaye, karibu 68. Mfumuko wa bei 1993 ulipita asilimia 45. Aliyekuwa na akiba ya shilingi 36,000, yaani kama dola 1,000, alibaki na thamani ya dola 530 hivi. Hakuiba, hakukopa. Alitii sheria tu.

8/ Milango ikafunguka karibu pamoja. Wafadhili walikuwa wamekaza mkono tangu mwisho wa 1991, na wananchi wako barabarani wakidai vyama vingi. Januari 1995 maduka ya kubadilisha fedha yakapewa leseni, na mwaka huo huo ile sheria ya udhibiti ikafutwa. 1996 Capital FM ikaingia hewani Nairobi. Kwa hiyo mtu akikuambia "sisi ndio tuliwapa uhuru huu", mkumbushe haukuwa zawadi. Ulitokana na shida na kusukumwa.

9/ Baadaye zikaja stesheni nyingi, zikiwemo za lugha za mama. Kameme ilianza 2000. Kazi zikapatikana: watangazaji, mafundi wa mitambo, watu wa mauzo. Lakini redio ya kibinafsi inaishi kwa matangazo ya biashara, na serikali ni mteja mkubwa. Machi 2024 wizara husika iliagiza matangazo ya redio na runinga ya ofisi za serikali yapelekwe KBC. Unaona ufunguo unavyoweza kurudi kwa mkono ule ule bila kufunga stesheni hata moja?

10/ Nina marafiki redioni. Kandarasi za miezi, mshahara unachelewa, kesho haijulikani. Mmoja wao huweka kidogo kidogo kwa dola, kwa sababu wazazi wake walipitia 1993. Kwangu mimi huyo si msaliti wa nchi. Ni mtu aliyesoma historia ya nyumbani kwao.

11/ Na hapa ndipo wanasiasa hutuchanganya. Katiba ya 2010, kifungu cha 76, inamkataza afisa wa serikali kuwa na akaunti ya benki nje ya nchi, isipokuwa kwa mujibu wa sheria ya Bunge. Sheria ya uongozi na maadili ya 2012 inamtaka apate idhini ya EACC. Kanuni hiyo inamlenga yeye, si wewe na dola zako mia tatu. Kumbuka pia pesa huingia: 2024 Wakenya walio nje walituma karibu dola bilioni 4.9.

12/ Basi mgombea akisimama tena kuahidi kurudisha pesa na kuleta kazi, muulize matatu:
– Utamshika afisa mwenye akaunti ya siri, ama utamfungia mwananchi mlango tena?
– Matangazo ya serikali utayagawa kwa kanuni gani?
– Wewe mwenyewe, una akaunti nje? Idhini iko wapi?

Akijibu la tatu bila kubabaika, msikilize. Sambaza kwa group ya familia, mjadala uendelee.