Ngitili na Ardhi Inayodhaniwa Haitumiki

Imekita mizizi katika ofisi zetu dhana kwamba Usukuma ulikauka kwa sababu mfugaji aliwapenda ng'ombe kuliko ardhi. Historia ya Bariadi, Maswa na Meatu haiungi mkono dhana hiyo, walau si kwa wepesi unaotumika kuitamka.

Wasukuma walikuwa na ngitili: sehemu ya malisho iliyofungwa mvua zinapoanza, nyasi zikaachwa zikue na kukauka zikiwa zimesimama, kisha ikafunguliwa kiangazi kikishika, mifugo ikalishwa kwa zamu. Ilikuwapo ngitili ya kaya na ngitili ya jamii. Uzio wake haukuwa waya bali makubaliano. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijibu mbele ya wazee na kutozwa faini. Utaratibu huo ulitegemea mtu kuishi karibu na ardhi aitunzayo, akijua kwamba mwakani ataikuta.

Tegemeo hilo ndilo lililovunjwa, mara nyingi kwa nia njema. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Kiingereza ilifyeka mapori ya Shinyanga ili kumtokomeza mbung'o. Pamba ikaja ikidai mashamba. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa, na baadaye Pori la Akiba la Maswa likatengwa kando yake; upande wa mashariki ukamfungia mchungaji.

Pigo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilitoka kwetu wenyewe. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilizihamisha kaya na kuziacha ngitili nyuma bila mlinzi. Kufikia 1986, katika mkoa mzima wa Shinyanga, ambao wakati huo ulijumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, ngitili zilizohesabiwa zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwalimu Nyerere aliuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka huohuo ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, kwa msaada wa Norway. Mwanzoni ulitegemea vitalu vya miche, mingi ya kigeni. Mafanikio makubwa yalikuja ulipokubali kuwauliza wazee na kuirejea ngitili. Miti mingi haikupandwa kabisa. Visiki na mizizi vilikuwa ardhini vikisubiri kuachwa. Mradi ulipomalizika mwaka 2004, ngitili zilizidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. (Wataalamu waliokuja kufundisha nao walirudi wamefundishwa.)

Mwaka 2012 wilaya hizo ziliingia katika mkoa mpya wa Simiyu, makao yake Bariadi. Ngitili ziliingia pamoja nazo, lakini hadhi yake kisheria haijatulia. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, inapofafanua ardhi ya jumla, inaijumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo haina maneno hayo. Sasa ngitili iliyofungwa huonekanaje kwa mgeni apitaye mwezi wa Machi? Haina ng'ombe, haina jembe, haina nyumba. Inaonekana haitumiki, nayo ndivyo inavyotumika. Kijiji kisichoiandika katika mpango wake wa matumizi ya ardhi kinamwachia mgeni huyo aamue anachokiona.