Mshono wa operesheni ya uzazi: unaouona na usiouona

Mzazi akirudi nyumbani baada ya operesheni, wanaokuja kumtazama hawakawii kuuliza: umeshonwa kwa uzi au umetiwa pini? Kisha ubishi huanza pale pale kitandani, huyu akisifu pini, yule akisema uzi wa ndani ndio wa kisasa.

Kuhusu ngozi, jibu lipo. Madaktari wa Marekani waliwagawa kina mama 746 waliopasuliwa mkato wa kulala, nusu wakashonwa uzi chini ya ngozi, nusu wakatiwa pini za chuma. Matokeo yalitolewa 2014. Kati ya kila wanawake 100, wa uzi waliopata shida ya kidonda, kama kufunguka au kuingia uchafu, walikuwa kama 5, na wa pini kama 11. Pini zina sifa moja kubwa, nayo ni kumwokolea daktari dakika kadhaa. Mama anayevuja damu nyingi huenda akazihitaji dakika hizo, kwa hivyo usimlaumu daktari kabla hujajua kilichotokea chumbani mle.

Lakini ngozi ni mlango tu. Chini yake kuna mafuta, na mama aliye na mafuta ya zaidi ya sentimita 2 hufaa yashonwe nayo, la sivyo maji hujikusanya humo na kidonda kikaachia. Chini ya mafuta upo utando mweupe mgumu, ambao ndio unaolishika tumbo. Nyuzi nyingi zinazotumika huko ndani huyeyuka zenyewe. Aina moja inayotumika sana humalizika baada ya siku 56 hadi 70. Ngozi hufunga kwa siku chache na mama akajiona mzima, kumbe utando ule bado unajiunga kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana huambiwa asinyanyue ndoo ya maji, hata kama halisikii tena jeraha.

Ndani zaidi ndiko kwenye kizazi chenyewe. Zamani hakikushonwa kabisa. Mwaka 1879 Muingereza Robert Felkin aliona operesheni ya uzazi kule Bunyoro, Uganda: mganga alilifunga tumbo kwa pini 7 za chuma na kamba za magome, kizazi akakiacha bila mshono, na siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Ulaya nako wengi walikuwa wakikiacha hivyo hivyo, na kina mama wakifa kwa damu na uchafu, mpaka Max Sänger wa Leipzig aliposisitiza mwaka 1882 kwamba nacho kishonwe.

Leo ubishi wa madaktari ni kama kishonwe safu moja au mbili. Utafiti mkubwa uitwao CORONIS uliwafuata wanawake karibu 16,000 katika nchi 7, Kenya ikiwemo. Haukuona tofauti ya maana katika kupona, wala miaka 3 baadaye. Wapo madaktari ambao bado hupendelea safu mbili, wakisema kovu huwa nene zaidi.

Kwangu mimi, kinachomhusu mama zaidi ni mahali kizazi kilipokatwa. Mkato wa kulala sehemu ya chini huunga vizuri, na wengi wenye kovu hilo huweza kujaribu kuzaa kwa njia ya kawaida baadaye, hospitalini. Mkato wa kusimama sehemu ya juu huweza kuachia mimba inayofuata, hata kabla ya uchungu. Na kovu la ngozi halikuambii la ndani: ngozi yaweza kukatwa ya kulala na kizazi cha kusimama. Kwa hivyo usitoke wodini bila kuuliza, "Kizazi changu kimekatwa vipi?" na jibu liandikwe kwenye kadi. Kadi hiyo iweke pamoja na kitambulisho. Mimba nyingine nayo ipishe angalau miezi 24.

Limebaki la kukandwa. Simvunjii heshima mkandaji, wengi wetu tumelelewa na mikono yake, ila tumbo lenye mshono mbichi halikandwi kwa maji ya moto wala kusukumwa. Akande mgongo na miguu. Mkaja ufungwe kwa kulegea, tena baada ya kumuuliza daktari, maana ukikazwa juu ya kidonda hutia jasho na unyevu. Kidonda kisafishwe kama ulivyoelekezwa hospitalini na kikaushwe. Kisitiwe majivu, dawa ya meno wala mafuta ya mtu.

Ukiona usaha, harufu, wekundu unaotambaa, homa, damu kuzidi, au mshono kufunguka hata kidogo, rudi hospitali siku hiyo hiyo, arubaini iwe imefika au haijafika.