Makaburi ya Tongoni
Nguzo za Waswahili, bakuli za ng'ambo

Jina Tongoni linatokana na neno tongo, yaani mahame. Mji huu, ulioitwa pia Mtangata, ulistawi katika karne ya 14 na ya 15. Kufika hapa ukitoka Mnyuzi, unapita Muheza hadi Tanga, kisha unashika barabara ya Pangani.

Sogea karibu na kaburi lililo mbele yako. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, kazi ya mafundi wa pwani. Marehemu amelazwa Kiislamu, akielekezwa kibla. Makaburi ya nguzo kama haya ni fahari ya pwani ya Waswahili.

Angalia vishimo vya mviringo kwenye kaburi. Humo zilipachikwa bakuli zilizong'arishwa, zikiwemo za kijani kutoka China, zilizoletwa na majahazi ya msimu wa kaskazi. Bakuli hazipo tena, lakini alama zake zinaonyesha jinsi jamaa walivyowaenzi wazee wao kwa vitu vya thamani.

Nguzo nyingi zimeanguka. Tafadhali usipande kuta wala usiokote kigae. Hapa wamelala wazee wetu.